Kadi ya Prosesa Mbili: Je, Mbili Huwa Bora Kuliko Moja?



Juma hili twajibu suala lililotufikia kutoka Kiamunyi, nje kidogo ya jiji la Nakuru. Aliyetuandikia ni mama, mwenyeji wa Kisauni, ambaye ndoa ilimhamishia bara. Mwanawe wa kwanza amemaliza kidato cha nne na angojea kujiunga na chuo, na ndoto yake ni urubani. Kijana huyo anayo kompyuta ya mezani, katika zile zilizotumika maofisini Ulaya kabla ya kuletwa nchini, na ataka kuitia kadi ya grafiki ili aweze kucheza Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kurusha ndege. Muuzaji mmoja amemwonyesha kadi iliyotumika, aina ya GeForce GTX 690, akamsifia kwamba ina prosesa mbili ilhali nyingine zina moja. Bei yake ni shilingi 22,000, na juu yake atahitaji shilingi 9,000 za pawa saplai kubwa zaidi. Jumla ni shilingi 31,000. Fedha za kulipia ni zamu ya mama katika chama chake. Dada yetu auliza mambo mawili: je, ni kweli kwamba kadi hiyo ni sawa na kadi mbili kwa bei ya moja? Na je, ni sawa atoe fedha hizo kwa ajili ya mchezo?

Twaanza na jawabu kwa ufupi, kisha tutoe sababu zake. Kadi hiyo asiinunue. Si kwa kuwa muuzaji ni mwongo, kwani prosesa mbili zimo kweli, bali kwa kuwa katika mchezo huo prosesa ya pili haitamfaa kijana kwa lolote, na ya kwanza peke yake ni dhaifu kwa kazi inayotakiwa. Ama kumsaidia kijana, hilo lina njia yake, nayo ni rahisi kuliko ile aliyoonyeshwa.

Kwanza tufahamu kadi ya grafiki ni nini. Ndani ya kompyuta mna prosesa kuu, ambayo ndiyo akili ya mashine yote. Kadi ya grafiki ni fundi wa pembeni aliyepewa kazi moja tu, kuchora. Kila kinachoonekana kwenye skrini wakati wa mchezo, mawingu, milima, mabati ya nyumba na kivuli cha bawa la ndege, kimechorwa na kadi hiyo, tena si mara moja. Ili macho yaone mwendo laini, yapasa zichorwe picha kama 60 kwa kila sekunde. Kadi inayoshindwa huchora 15 au 20, na mchezaji huona ndege ikienda kwa kushtuka-shtuka.

Miaka ya nyuma palikuwa na michezo iliyozishinda kadi zote. Uliovuma zaidi ni Crysis, uliotolewa Novemba 2007 na kampuni ya Crytek ya Frankfurt, Ujerumani. Ulikuwa mzito hata ikawa mtu akinunua kompyuta mpya, rafiki zake humuuliza kwa mzaha iwapo itauweza Crysis. Kampuni mbili kubwa za kadi, Nvidia na ATI, ambayo wakati huo ilikuwa imeshanunuliwa na AMD, zikaona njia ya mkato: badala ya kungoja prosesa yenye nguvu zaidi, ziweke mbili katika kadi moja. Mwaka 2008 zikatoka Radeon HD 3870 X2 na GeForce 9800 GX2. Zikafuata nyingine nyingi: GTX 295 mwaka 2009, GTX 690 Mei 2012, Radeon HD 7990 mwaka 2013, na Radeon R9 295X2 mwaka 2014. Hii ya mwisho ilikuwa ikila umeme wa wati 500 na ikipozwa kwa maji, mfano wa gari. GTX 690 ilipotoka iliuzwa dola 999 kule Marekani. Kwa hiyo anayeiona leo kwa shilingi 22,000 hudhani amebahatika.

Sasa tutazame namna prosesa mbili zinavyogawana kazi, kwani hapo ndipo penye siri. Mfano wake ni mafundi cherehani wawili waliopewa oda moja ya kanzu. Wa kwanza hushona kanzu ya kwanza, ya tatu na ya tano, na wa pili hushona ya pili, ya nne na ya sita. Wakienda sawasawa, kanzu hutoka kwa kasi maradufu. Prosesa hizi hufanya vivyo hivyo kwa picha za mchezo: moja huchora picha za witiri, nyingine za shufwa. Mpango huu ni mzuri, lakini una masharti matatu, na leo yote matatu yamevunjika.

Sharti la kwanza ni kwamba kanzu moja isitegemee nyingine. Lau fundi wa pili atahitaji kuipima kanzu iliyokwisha kushonwa na mwenziwe ndipo akate kitambaa chake, atakaa akingoja, na faida ya kuwa wawili itapotea. Michezo ya siku hizi iko hivyo hasa. Ili kulainisha kingo za vitu na kupunguza kazi, hutumia habari za picha iliyotangulia katika kuchora inayofuata. Prosesa ya pili haiwezi kuanza mpaka ipokee kutoka kwa ya kwanza.

Sharti la pili ni kwamba picha zitoke kwa mpangilio. Picha 60 kwa sekunde maana yake ni moja kila milisekunde 16 au 17. Prosesa mbili zisipowiana, picha moja hutoka baada ya milisekunde 5 na inayofuata baada ya 28. Ukihesabu kwa sekunde nzima bado ni 60, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo kwa fahari, lakini jicho litaona mkwaruzo. Kasoro hii ilijulikana kwa muda mrefu. Kwa upande wa AMD, ilikuwa mpaka Agosti 2013 ndipo ilipotolewa programu ya kusawazisha utoaji wa picha, baada ya wapimaji kuanza kupima muda wa kila picha badala ya wastani wake.

Sharti la tatu ni kwamba pawepo mtu wa kuzipangia kazi. Prosesa ya pili haiamki yenyewe. Kwa kila mchezo, kampuni ya kadi ilikuwa ikiandika maelekezo maalumu ndani ya draiva, au watengenezaji wa mchezo wenyewe wayaandike. Nvidia ilitangaza mwaka 2020 kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 haitaongeza tena maelekezo hayo kwa michezo mipya. Tena katika mwaka huo huo wa 2021, Nvidia na AMD ziliacha kutoa draiva za kawaida za michezo kwa kadi za kizazi hicho, na GTX 690, HD 7990 na R9 295X2 zote zimo. Kwa hiyo kadi hizi ni nyumba ambazo fundi wake ameondoka na hatarudi.

Microsoft Flight Simulator ulitoka Agosti 2020, ukiwa umetengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Haukuja na mpango wa kutumia prosesa mbili za kadi. Basi kijana wetu akiitia GTX 690, moja itafanya kazi na nyingine italala. Na hiyo iliyo macho ina nguvu kiasi gani? Watengenezaji walitaja kiwango cha chini kabisa cha mchezo huo kuwa GTX 770. Kadi hiyo ni ya mwaka 2013, nayo imejengwa kwa prosesa ile ile ya GTX 690, ila yenyewe huendeshwa kwa kasi zaidi. Maana yake ni kwamba kadi inayosifiwa kuwa ya watu wawili, katika mchezo huu haifiki hata kiwango cha chini cha mtu mmoja.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hudanganyika nalo, nalo ni memori. Kwenye boksi la GTX 690 pameandikwa gigabaiti 4. Mchezo wa ndege wapendekeza gigabaiti 4, na kijana akaona vimewafikiana. Lakini katika kadi za prosesa mbili memori haijumlishwi. Kila prosesa ina yake, na ndani yake huwekwa nakala ile ile ya vitu vinavyochorwa, kama wanafunzi wawili wenye kitabu kimoja kila mmoja: vitabu ni viwili, lakini masomo yaliyomo ni yale yale. Gigabaiti 4 za boksi ni gigabaiti 2 za matumizi. Vivyo hivyo 6 za HD 7990 ni 3, na 8 za R9 295X2 ni 4. Mzazi akiambiwa namba ya memori ya kadi ya namna hii, aigawe kwa mbili kabla ya kufungua mkoba.

Kuna na gharama isiyoonekana dukani, nayo ni umeme. GTX 690, prosesa zake zote mbili zikifanya kazi, hula hadi wati 300, na pamoja na kompyuta yenyewe tukadirie wati 450. Kwa saa nne kila siku, hiyo ni yuniti 54 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa shilingi 25 kwa yuniti, kwa wepesi wa hesabu, ingawa kila nyumba itazame risiti yake ya tokeni: zitakuwa shilingi 1,350. Kadi ndogo ya wati 75 katika kompyuta ya jumla ya wati 180 itatumia chini kidogo ya yuniti 22, yaani shilingi 540. Tofauti ni shilingi 810 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 9,720. Na iwapo prosesa ya pili italala, umeme utapungua, lakini hapo ndipo mtu ajiulize: kilicholala alikinunulia nini?

Sasa twende kwenye lile litakalofaa. Mwenye kutafuta kadi aanze na mashine aliyo nayo. Tunashauri mambo manne yatazamwe kwa mpangilio huu.

La kwanza ni prosesa kuu ya kompyuta. Mchezo wa ndege huitegemea sana, pengine kuliko kadi. Kiwango cha chini kilichotajwa ni Intel Core i5-4460 au AMD Ryzen 3 1200, na kinachopendekezwa ni Core i5-8400 au Ryzen 5 1500X. Ikiwa mashine ya kijana iko chini ya hapo, hakuna kadi itakayoiokoa, na fedha zibaki mkobani.

La pili ni memori ya kompyuta na diski. Mchezo wataka gigabaiti 8 kwa uchache na 16 kwa raha, pamoja na nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski. Aghalabu kompyuta za ofisi huja na 8 tu. Kuongeza memori ni matumizi mema hata kama mchezo utaachwa kesho, kwani yatasaidia masomo ya chuo.

La tatu ni pawa saplai. Fungueni kasha msome kibandiko chake. Kompyuta nyingi za ofisi zina pawa saplai ya wati 240 au chini yake, na hazina waya wa ziada wa kulishia kadi. Kwa mashine kama hizo ipo kadi isiyohitaji waya, inayojilisha kutoka kwenye nafasi yake tu: GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye gigabaiti 4 za kweli na wati 75. Ziko aina zake zenye waya na zisizo nao, na ziko fupi kwa ajili ya kasha jembamba. Pimeni nafasi kwa rula kabla ya kwenda dukani. Kadi hii ina prosesa moja, nayo iko juu ya kiwango cha chini cha mchezo na karibu na kile kinachopendekezwa, ambacho ni GTX 970. Picha hazitakuwa za kifahari, lakini ndege itaruka, na zile shilingi 9,000 za pawa saplai zitasalimika.

La nne ni intaneti. Hili vijana huwaficha wazazi, au wenyewe hawalijui. Dunia yote haiwezi kuingia ndani ya diski, kwa hiyo mchezo huu huvuta picha za ardhi kadiri ndege inavyosonga. Kasi inayopendekezwa ni megabiti 20 kwa sekunde. Nyumba inayonunua bando la simu kwa siku itaona bando linayeyuka. Kabla ya kadi, familia ikubaliane juu ya intaneti. Na atakayevutiwa na toleo jipya, la Novemba 2024, ajue ya kwamba hilo hutaka mashine yenye nguvu zaidi ya hii tuliyoitaja.

Ama namna ya kununua kadi iliyotumika, hapa tunaomba tahadhari kubwa. Mnamo tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamiminika katika masoko ya vitu vilivyotumika. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake huwa zimechoka. Tena wako wanaochukua kadi kuukuu wakabadili maandishi ya ndani yake ili kompyuta iitambue kwa jina la kadi mpya. Iko programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo husoma kadi ilivyo hasa na hufichua nyingi za bandia. Kijana aombe kadi itiwe kwenye kompyuta pale pale dukani, aitazame kwa programu hiyo, kisha aiendeshe kazi nzito kwa nusu saa. Vidoto vya rangi au mistari ikitokea kwenye skrini, au feni ikilia, amshukuru muuzaji na aondoke. Namba ya kadi iandikwe kwenye risiti.

Hapa sheria yetu ina msaada ambao wengi hawautumii. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake analazimika kuitaja, na mnunuzi akigundua aibu ya kale iliyofichika ana haki ya kurudisha, ndiyo khiyari ya aibu. Juu ya hiyo iko khiyari ya sharti: pande mbili hukubaliana wakati wa kuuziana kwamba mnunuzi ana muda wa kufikiri, na katika madhehebu ya Imam Shafi ukomo wake ni siku tatu. Siku tatu zatosha kabisa kuijaribu kadi nyumbani. Isemwe kwa uwazi na iandikwe kwenye risiti. Na sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, nayo yamlinda mnunuzi aliyeeleza mahitaji yake kwa muuzaji mwenye ujuzi. Kwa hiyo kijana asiseme tu, "Nipe kadi." Aseme, "Nataka kadi itakayoendesha mchezo huu, katika kompyuta hii." Maneno hayo yana uzito wake panapotokea mzozo.

Limebaki suala la fedha. Zamu ya chama ni mali ya mama mwenyewe, wala hakuna awezaye kumlazimisha kuitoa. Akipenda kumpa mwanawe, basi abainishe tangu mwanzo: ni hiba, au ni karadha itakayolipwa? Nyumba nyingi zimeingia uchungu kwa sababu aliyetoa alidhani anakopesha na aliyepokea alidhani anapewa. Na mchezo wenyewe, maadamu hauna uchafu wala kamari, ni katika mambo ya mubaha. Kinachouharibu ni israfu ya mali, na ile israfu ya pili ambayo haina risiti, ya wakati. Saa za kucheza ziwekwe kwa makubaliano kabla kadi haijanunuliwa, kwa sababu baada ya hapo mzazi hana tena cha kujadiliana nacho.

Twasema pia kwa uadilifu kwamba tamaa ya kijana huyu si ya kubezwa. Saa za kurusha ndege kwenye kompyuta ya nyumbani hazihesabiwi katika leseni ya rubani. Lakini mwenye kuzitumia vyema hujifunza kusoma ala za ndege, kutafuta njia kwa ramani, na kuelewa upepo. Aweza kuizunguka kreta ya Menengai akaiona kwa juu, kisha akashika njia ya mashariki mpaka kiwanja cha Manda, Lamu. Siku akiingia katika chuo cha urubani pale Wilson, Nairobi, hatakuwa mgeni wa kila kitu.

Nasaha yetu kwa wazazi wote, wa Kiamunyi na wa Mwambao, ni hii: mtoto akija na jina la kifaa msichopata kukisikia, msimkatalie kwa kutokijua na msimkubalie kwa kutokijua. Mwambieni akae, achukue karatasi, aandike mashine yake ina nini, mchezo wahitaji nini, kadi yatoa nini, na umeme na intaneti vitagharimu kiasi gani kwa mwezi. Akiweza kuijaza karatasi hiyo, amestahili kusikizwa. Asipoweza, arudi akaulize zaidi, na fedha zingoje.

Wabillahi tawfiq.